Ukija Broadway, anza na mtaa wa 42

Mara ya kwanza kutazama tamthilia ya muziki Broadway, eneo la kumbi za maigizo jijini New York, niliingia kama kipofu. Nilikuwa na miezi minne tu New York, nimejibana mpaka nikapata hela ya tiketi. Taa zikazimwa, watu wakaimba kwa zaidi ya saa mbili, nami sikushika hata nusu ya maneno. Nilitoka masikio yamejaa, moyo mtupu. Ndiyo maana siku hizi ndugu wakija na kuniomba niwapeleke, sikimbilii tiketi. Tunavaa viatu vya kutembelea kwanza.

Tunaanzia mtaa wa 42, mbele ya ukumbi wa New Amsterdam. Mlango wake ni mwembamba, umebanwa na majengo ya jirani, na usipoambiwa unaupita. Jukwaa lenyewe liko nyuma kabisa, upande wa mtaa wa 41. Ukibahatika kuingia, usiharakie kiti chako. Angalia kuta kwanza, zilivyopambwa kwa maua na mimea inayotambaa, kazi ya mafundi wa mwaka 1903. Wakati huo eneo lote liliitwa Longacre Square, mahali pa mazizi na mafundi wa magari ya farasi. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times lilikuwa likijenga makao yake hapo, eneo likapewa jina la Times Square, treni ya chini ya ardhi ikafika, na wenye kumbi wakawafuata abiria.

Lakini tamthilia za muziki zenyewe, wengi husema, zilianza mbali na hapo, kusini, karibu na mtaa wa Prince. Mwaka 1866, kwenye ukumbi wa Niblo's Garden, ulioneshwa mchezo ulioitwa The Black Crook. Husimuliwa kwamba wachezaji wa baleti kutoka Ulaya walikuwa wamekosa pa kuchezea baada ya ukumbi wa Academy of Music kuungua, basi wakaingizwa ndani ya mchezo wa kuigiza uliokuwa ukiandaliwa. Usiku wa kwanza watu walikaa zaidi ya saa tano. Nilipoyajua hayo ndipo nilipoelewa kwa nini hadithi husimama kidogo ili watu wacheze: ni mazoea yaliyodumu tangu siku zile.

Hapo New Amsterdam huwa nawasimulia wageni wangu habari za mchekeshaji Bert Williams, na kwake sina haraka. Alizaliwa Bahamas. Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker waliongoza In Dahomey, mchezo wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi, ukaoneshwa kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway. Mwaka 1910 akaingia kwenye Ziegfeld Follies, maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho, mtu mweusi akiwa nyota katikati ya wazungu. Baadaye maonyesho hayo yakahamia jukwaa hili hili la New Amsterdam. Alipanda akiwa amejipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, mtu mweusi analazimika kujipaka weusi ili achekeshe. Na katika kumbi nyingi za wakati ule, watu wa rangi yake walipelekwa juu ghorofani, viti vya chini havikuwa vyao. Mwaka 1921 Shuffle Along, mchezo wa Noble Sissle na Eubie Blake, ulipooneshwa kwenye mtaa wa 63, watazamaji weusi walikaa chini. Kila nikikaa viti vya chini nawakumbuka.

Kisha mambo yakapanda na kushuka. Mwaka 1943 tamthilia ya muziki Oklahoma! ilioneshwa kwenye ukumbi wa St. James, ikachezwa zaidi ya mara 2,200, na tangu hapo nyimbo zilitarajiwa kubeba hadithi, zisiwe mapambo tu. Mtaa wa 42 wenyewe ulikuwa tayari umeanza kuporomoka: uchumi wa dunia ulipoanguka miaka ya 1930, kumbi ziligeuzwa sinema, na sinema zenyewe zikachakaa. New Amsterdam ilifungwa, paa likavuja, uyoga ukaota ndani. Kampuni ya Disney iliukarabati, ukafunguliwa tena mwaka 1997, na Novemba ya mwaka huo tamthilia ya muziki The Lion King ikaanza kuoneshwa. Simba, Rafiki, Pumbaa: majina ya Kiswahili yakaitwa kwenye jukwaa la Bert Williams. (Wenzangu kazini huniomba niwatafsirie ule wimbo wa kwanza kabisa. Huo ni Kizulu, jamani!)

Sasa tiketi. Usinunue kwa mtu wa barabarani. Mimi niliuziwa moja na kijana mwenye maneno matamu, nikarudishwa mlangoni mbele ya foleni nzima. Nenda kwenye dirisha la ukumbi wenyewe, utaepuka ada wanazoongeza mtandaoni. Au panga foleni kwenye kibanda cha TKTS, chini ya ngazi nyekundu za Times Square. Kipo tangu 1973, na tiketi za siku hiyo hupungua bei hata hadi nusu. Kumbi nyingi pia huuza tiketi chache za bei nafuu asubuhi, au kwa bahati nasibu. Utaratibu huo ulipata nguvu mwaka 1996, pale tamthilia ya Rent ilipouza viti vya safu za mbele kwa dola 20.

Kabla ya kwenda, soma hadithi yake mwanzo mpaka mwisho na usikilize nyimbo hata mara mbili. Usiogope kujua mwisho. Kiingereza cha kuimbwa hukimbia, hata kwa sisi tulioishi huku miaka. Na wahi: ukichelewa utasubiri nje ya mlango mpaka wakuruhusu kuingia.

Mama yangu alipokuja kutoka Tanga nilimpeleka ukumbi wa Minskoff, mtaa wa 45, ilikohamia The Lion King mwaka 2006. Nilimnunulia kiti cha chini, cha pembeni mwa njia, kwa sababu wanyama huingia kwa kupita katikati ya watazamaji. Tembo alipopita, Mama alinyoosha mkono kama anayemsalimia mgeni mlangoni, akasema kwa sauti, "Karibu, baba." Aliyekaa nyuma yetu akamjibu, "Starehe, mama."