Mashine ya moyo isitangulie wauguzi

SWALI: Hospitali yetu ina daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, na tumeahidiwa mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji. Ikifika, tuanze kuwafanyia watoto upasuaji?

JIBU: Bado. Anzeni na kitanda atakacholazwa mtoto akitoka chumba cha upasuaji. Mtoto hutoka salama, kisha usiku makohozi yanaziba mrija wa kupumulia, au potasiamu, moja ya chumvi za damu, inashuka na mapigo yanavurugika, na hakuna aliyegundua mapema.

Kila kitanda kinahitaji muuguzi wake, usiku na mchana. Zamu za saa nane ni 21 kwa wiki. Muuguzi mmoja hufanya tano. Ukihesabu likizo na ugonjwa, kitanda kimoja kinataka wauguzi watano. Tafadhali, wakishafunzwa wasihamishiwe wodi nyingine! Vipimo vya gesi na chumvi za damu navyo vipatikane papo hapo, hata saa tisa usiku.

Upasuaji wa kwanza uwe ule usiohitaji mashine, hasa kufunga mshipa unaounganisha aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na mshipa wa mapafu, ambao hubaki wazi baada ya mtoto kuzaliwa. Hatari yake ni kufunga mshipa usio wenyewe. Wekeni kipima oksijeni mguuni, kisha daktari aubane mshipa kwa muda kabla ya kuufunga: mapigo ya mguuni yakipotea, ameshika aota. Ajihadhari pia na neva ya sauti inayozunguka hapo hapo. Ikijeruhiwa, mtoto hukauka sauti.

Timu ikizoea, endeleeni na kuziba matundu ya moyo, kwa kutumia mashine, kwa watoto wenye uzito wa zaidi ya kilo 10. Wachanga wasubiri, na sababu ni ya hesabu. Mtoto ana damu takriban mililita 80 kwa kila kilo, hivyo wa kilo 5 ana mililita 400. Mirija ya mashine ikijazwa maji mililita 400, yanachanganyika na damu yake, nayo inabaki na nusu ya ukolezi wake wa kawaida. Mnahitaji mirija na oksijeneta (sehemu ya mashine inayoipa damu oksijeni) ndogo, pamoja na damu salama ya kuongezea.

Mkialika wataalamu wageni, warudi walewale kila mara, na wauguzi wenu ndio washike kazi huku wageni wakiwa pembeni. Wageni wakifanya kila kitu, siku wakiondoka na huduma imeondoka.