Paka anakohoa usiku, akichomwa sindano anapona halafu kikohozi kinarudi: huenda si nywele wala chakula

Dada wa South B hapa Nairobi, kwa ufupi umeuliza hivi: paka wako wa miaka mitatu anakohoa, hasa usiku. Amechomwa sindano mara mbili, na kila mara alikaa vizuri kama wiki tatu kisha kikohozi kikarudi. Unataka kujua kama ni aleji ya chakula, kama ubadilishe chakula, na kama ile Ventolin ya mtoto (dawa ya pumu ya kuvuta) inaweza kumfaa. Watu wawili waliokujibu kabla yangu wamekwambia ni nywele tumboni, umnyweshe mafuta ya kupikia.

Naanza na mafuta, kwa sababu hayo yanaweza kumuua wiki hii. Usimnyweshe kwa nguvu. Mafuta hayamkeri paka kooni kiasi cha kumfanya akohoe, kwa hiyo yanateleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia ngumu kutibu. Na huenda hata si nywele. Paka anayetapika nywele hupampu tumbo, hutoa sauti ya kutapika na mwishowe kitu kinatoka. Anayekohoa huchuchumaa, viwiko vimetanuka, shingo ameinyoosha mbele karibu na sakafu, anakohoa kikavu mara kadhaa, anameza mate, kisha anaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati mwingine hutoa povu kidogo mwishoni, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mrekodi kwa simu. Mbele ya daktari hatakohoa, na video ya sekunde ishirini itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Ile sindano nayo ni dalili. Sindano ambayo humtuliza paka wiki tatu na kumwacha arudi pale pale kwa kawaida ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya muda mrefu, mara nyingi methiliprednisoloni. Muulize aliyemchoma akuandikie jina la dawa, ni haki yako. Ikiwa ni hiyo, basi kinachomsumbua ni uvimbe unaotii steroidi, na katika paka anayekohoa cha kwanza kufikiriwa ni pumu. Njia za hewa zinavimba, zinajaa makamasi na misuli yake inabana. Sindano ile siilaani, kuna paka wasioshikika na kwao hakuna njia nyingine, lakini kuirudia kila mwezi humsogeza paka kwenye kisukari, na mwenye moyo dhaifu inaweza kumwangusha. Ikishaingia mwilini huwezi kuitoa.

Kuhusu chakula: aleji ya chakula kwa paka huonekana kwenye ngozi (kujikuna kichwa na shingo hadi vidonda) na kwenye tumbo (kutapika, kuharisha). Kikohozi peke yake bila hayo, siwezi kukushauri utumie pesa kubadilisha chakula. Viroboto vilevile huleta aleji ya ngozi, si ya mapafu.

Leo usiku mhesabu pumzi akiwa amelala fofofo, si akiwa ananguruma kwa raha. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Paka mzima aliyelala hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Akipita 40 akiwa amelala, na ukirudia hesabu baadaye ni vilevile, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Akipumua mdomo wazi, tumbo likisukuma, ufizi ukiwa na rangi ya bluu, kijivu au nyeupe, ni dharura ya sasa hivi. Mbwa huhema mdomo wazi kwa joto, lakini paka kufanya hivyo akiwa amekaa tu ni hatari. Mweke kwenye kapu au katoni yenye matundu, usimfunge kwa leso, usimpe maziwa wala chakula, punguza kelele na uende.

Usisubiri siku hiyo ndipo uanze kutafuta kliniki. Piga simu wiki hii, uliza maswali mawili: mna oksijeni, na usiku nani yuko zamu? Msongamano wa Ijumaa jioni si wakati wa kuzunguka. Pia hakikisha unayemwona ni daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muuzaji wa agroveti (duka la dawa za mifugo) anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini hawezi kusikiliza kifua cha paka kupitia kaunta.

Kwa daktari, omba picha ya eksrei ya kifua. Kwenye pumu kuta za njia za hewa huonekana nene kama vipete, mapafu huwa yamejaa hewa kupita kiasi, na wakati mwingine kipande cha katikati cha pafu la kulia kimesinyaa. Ila picha safi haimaanishi hana pumu. Inafaa zaidi kuhakikisha si magonjwa mengine, kama maji kifuani, saratani, moyo mkubwa. Moyo niutaje kando: paka mwenye ugonjwa wa moyo hupumua haraka lakini mara chache hukohoa. Kwa hiyo pumzi za haraka bila kikohozi chochote zisitibiwe kama pumu kwa kubahatisha.

Mafua ni jambo jingine. Yale yanayoletwa na virusi vya herpesi na kalisi huja na chafya, macho yenye tongo na makamasi puani, na ndiyo yanayowapata sana vitoto vya paka. Kama wako ana macho makavu na pua safi, kozi ya antibiotiki haina maana.

Kinachosahaulika Nairobi ni minyoo ya mapafu. Inaitwa Aelurostrongylus abstrusus. Konokono hubeba viluwiluwi vyake, panya, ndege au mjusi humla konokono, paka naye humla mjusi. Paka wa ghorofani anayewinda mijusi ukutani hajaepuka. Kikohozi cha minyoo hii na picha yake ya eksrei hufanana na pumu kiasi kwamba hata daktari mzuri anaweza kukosea. Kipimo cha kawaida cha kinyesi hakifai, kwa sababu kinatafuta mayai na mnyoo huu hutoa viluwiluwi. Omba kipimo cha Baermann, na upeleke kinyesi kibichi cha siku tatu tofauti, maana havitoki kila siku. Maabara ikikosekana, madaktari wengi hutibu tu kwa fenbendazoli kabla ya kumfunga paka kwenye steroidi za maisha. Dozi ni miligramu 50 kwa kila kilo mara moja kwa siku, na idadi ya siku anapanga daktari.

Hapa ndipo watu hukosea kwenye agroveti. Dawa ya maji ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 200, yaani mililita 2. Ile ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 tu kwa mililita, ambapo angehitaji mililita 8, na hakuna paka atakayemeza hizo kwa amani. Soma lebo. Na usikubali kupewa albendazoli badala yake kwa sababu "ni kitu kimoja": kwa paka inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu.

Minyoo ikiondolewa na kikohozi kikabaki, tiba ya pumu ni steroidi kwanza. Kwa kawaida huanza na vidonge vya prednisoloni, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku. Paka wa kilo 4 mara nyingi huanza na kidonge kimoja cha miligramu 5. Iwe prednisoloni, si prednisoni, kwa sababu ini la paka halibadilishi ya pili vizuri. Dozi hupunguzwa polepole kwa wiki nyingi. Kikohozi hukoma kabla ya uvimbe kuisha, na anayekatisha dawa siku ya kumi kwa kuwa "amepona" ndiye anayerudi hapa baada ya mwezi.

Lengo ni kumhamishia kwenye steroidi ya kuvuta. Flutikasoni ya mikrogramu 125, mpulizo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kupitia spesa (chombo cha plastiki kinachounganisha kopo la dawa na barakoa). Inachukua kama wiki mbili kufanya kazi kamili, hivyo vidonge havikatwi siku unapoianza.

Sasa Ventolin. Ndiyo, salbutamoli, dawa iliyo ndani yake, hufungua njia za hewa za paka pia, mpulizo mmoja wa mikrogramu 100, na ndani ya dakika tano hadi kumi utaona tofauti. Lakini hiyo ni ya shambulio. Haigusi uvimbe, na ikitumiwa kila siku huweza kuuchochea. Ukijikuta unaihitaji mara kwa mara, tiba ya msingi haitoshi. Usimpe kabla daktari hajakubali kwamba ni pumu, kwa maana pumzi ngumu za moyo hazitaki dawa inayouharakisha.

Spesa ya paka, AeroKat, haipatikani kila mahali. Ya watoto wachanga yenye barakoa ndogo hufaa, ila angalia vali (kile kiutando kinachofunguka kwa pumzi): lazima uione ikicheza kwa pumzi ndogo ya paka. Isipocheza, dawa inabaki kwenye plastiki. Barakoa ifunike pua na mdomo bila kubonyeza macho.

Mzoeshe kabla ya kuanza dawa. Siku za kwanza iache karibu na sahani yake. Kisha mpe omena (dagaa) ndani ya barakoa. Kisha iguse usoni sekunde moja, omena, sekunde tatu, omena. Mlio wa kupuliza uwe wa mwisho kabisa. Siku ya dawa yenyewe tikisa kopo, puliza mpulizo mmoja ndani ya spesa ikiwa mbali na uso wake ili asishtuke, weka barakoa mara moja, hesabu pumzi saba hadi kumi kwa kuangalia vali. Mkae mkeka mmoja, yeye akiwa katikati ya mapaja yako akitazama mbele, asiwe na njia ya kurudi nyuma. Mpanguse uso baadaye. Spesa ioshwe kila wiki kwa maji vuguvugu ya sabuni na ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme tuli unaovuta dawa ukutani.

Dawa zote hizo hazitashinda moshi. Juni hadi Agosti madirisha yanafungwa, jiko la makaa linaingia ndani, na koili ya mbu inawaka sakafuni, pale pale paka anapolala. Ondoa koili kwanza, tumia chandarua au wavu wa dirishani. Halafu Doom ya kuua wadudu, uvumba, sigara, Jik ya kung'arisha nguo isiyochanganywa na maji, taka zinazochomwa nyuma ya ploti. Choo chake kama ni vumbi la mbao kutoka kwa seremala, acha: kila anapofukua analivuta. Mchanga wa mto uliochekechwa, ukaoshwa na kuanikwa ni wa bei nafuu na hauna vumbi. Mchanga wa dukani wenye manukato siupendi hata kidogo. Na kama ni mnene, apungue, kwa sababu mafuta ya kifuani humbana pumzi.

Usimpe Panadol, inaua paka. Usimpake Vicks wala mafuta ya mkaratusi. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake. Piriton, dawa ya aleji, haitamwua kwa dozi ya daktari, ila kwa pumu ya paka haisaidii.

Akiwa kwenye steroidi, akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, apimwe sukari. Kopo la dawa ya kuvuta huwezi kujua limebaki na nini kwa kulitikisa, wala kwa kulielesha majini. La mipulizo 120, kwa mipulizo miwili kwa siku, linaisha siku ya 60 hata kama bado linapuliza. Andika tarehe ya kuanza juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito.