Moyo wangu ni dhaifu, mbona napewa dawa ya kuutuliza?

SWALI: Nimeambiwa moyo wangu umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Nimeanzishiwa metoprolol succinate miligramu 25, mara moja kwa siku. Nasikia dawa hii inazuia adrenalini. Sasa moyo uliochoka unanyimwaje kichocheo chake? Tena tangu nianze, uchovu umezidi. Niache?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiiache. Swali lako ni la msingi, na madaktari wenyewe kwa miaka mingi waliiogopa dawa hii kwa wagonjwa kama wewe, kwa hoja hiyohiyo yako.

Adrenalini haiingii ndani ya seli ya moyo. Hunasa kwenye kipokezi kiitwacho beta-1, juu ya utando wa seli. Kipokezi huamsha protini G, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki-AMP, tarishi wa ndani. Tarishi huyo huwasha kimeng'enya kingine, kinasi A, ambacho hubandika fosfeti kwenye milango ya kalsiamu ili ipitishe kalsiamu zaidi, madini yanayoufanya msuli wa moyo ukaze. Hubandika pia kwenye fosfolambani, protini inayoibana pampu ya kurudisha kalsiamu kwenye ghala lake ndani ya seli. Ikibandikwa fosfeti, inaiachia pampu. Ndiyo maana moyo unapiga kwa nguvu na pia unalegea upesi, ukajaa damu tena.

Breki zipo. Kimeng'enya fosfodiesterasi huvunjavunja saikliki-AMP. Kimeng'enya GRK2 hukitia alama kipokezi kilichochochewa, kisha protini arestini hukiziba na kukivuta ndani ya seli.

Moyo ukishindwa kazi, mwili huumwagia noradrenalini, ndugu wa adrenalini, usiku na mchana. Breki nazo hazipumziki, na vipokezi vya beta-1 vinaweza kupungua hadi karibu nusu. Hapo moyo hausikii tena kichocheo hata unapokihitaji kweli, mfano ukipanda ngazi. Wakati huohuo kalsiamu huvuja ovyo ndani ya seli, mapigo yanaparaganyika na seli zinakufa. Kuuchochea zaidi ni kuumaliza. Metoprolol hukaa kwenye kipokezi bila kukiamsha, na baada ya miezi vipokezi huanza kurudi. Katika utafiti wa MERIT-HF wa mwaka 1999, wenye wagonjwa 3,991, vifo vilipungua kwa asilimia 34 kwa waliopewa dawa hii, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Uchovu wako unatokana na kwamba msukumo unapungua leo, faida inakuja baadaye. Kwa sababu hiyo dozi huanzia miligramu 25, au 12.5 kwa aliyezidiwa, na huongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili mwili ukihimili, hadi 200. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu ikavimba, au ukashindwa kupumua ukilala chali, wahi kwa daktari. Mara nyingi huanza kwa kuongeza dawa ya kukojosha. Wahi pia mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika na kizunguzungu juu yake.

Kuacha ghafla ni hatari kuliko uchovu huo: vipokezi vilivyorudi vinakutana na adrenalini yote kwa mpigo, na maumivu ya kifua au mapigo ya kutisha yanaweza kufuata. Ikilazimu kuacha, daktari huipunguza kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili.

Ukienda duka la dawa, soma boksi. Metoprolol tartrate huisha mwilini mapema na si mbadala wa yako. Kidonge chako unaweza kukikata kwenye mstari wake, lakini usikisage wala kukitafuna, maana dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa pamoja.