Wageni, demo na homa: maswali yenu kuhusu maabara ya teknolojia ya maarifa

Tangu niseme kwamba maabara yetu pale chuo imekuwa na wageni mfululizo, maswali yamenijaa. Nimechagua machache, mengine yanajirudia tu.

Hivi teknolojia ya maarifa ndo nini? Si hizi hizi kompyuta zinazoongea?

Ni ukoo mmoja ila nyumba tofauti. Sisi kazi yetu ni kuyaandika mambo ambayo watu wanayajua kwa namna ambayo mashine inaweza kuyafuata hatua kwa hatua, na ukiiuliza "umejuaje?" ikuonyeshe njia iliyopitia. Mfano wetu wa kila siku, mpaka umechuja: nyangumi ni mamalia, mamalia hunyonyesha, basi mashine inajua nyangumi hunyonyesha hata kama hakuna aliyeiandikia hilo. Ramani ya mambo kama hayo tunaiita ontolojia, neno tuliwachukulia wanafalsafa bila kuomba. Tom Gruber, mtafiti wa kompyuta, alilipa maana yake ya kikompyuta mwaka 1993 na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanaanzia hapo hapo. Huyo huyo baadaye akawa mmoja wa walioanzisha Siri, ile sauti ya kwenye iPhone inayojibu maswali, kwa hiyo hizo nyumba mbili zinatembeleana sana tu.

Kila mara naona picha mmempokea mgeni, mmepanga mstari mnatabasamu. Wanakuja kufanya nini zaidi ya chai?

Haha, hapo umetugusa pabaya. Ukisoma habari zetu utadhani kazi yetu ni kupeana mikono. Kuna profesa anayekuja kutoa seminari ya saa moja, kuna mwanafunzi wa udaktari wa chuo kingine anakaa miezi mitatu anafanya kazi na sisi (huyu ndo ana faida), halafu kuna ujumbe wa watu wenye suti wanaopita dakika ishirini, wakiulizwa wana swali wanasema hongereni.

Ila mimi mgeni ninayemsubiri ni yule asiye wa fani yetu. Siku moja alikuja muuguzi. Tulikuwa na mfumo mdogo wa kupanga maelezo ya wagonjwa, kwenye skrini kuna duara la Ugonjwa na duara la Dalili, na tumeandika kabisa kwamba kitu kikiwa huku hakiwezi kuwa kule, tunajiona wajanja. Akainama, akaweka kidole kwenye homa, akauliza, "Mbona hii mmeiweka kwenye dalili tu? Mgonjwa wangu akisema ana homa, mara nyingi anataja ugonjwa, hasemi habari za joto." Kimya. Mwenzangu akaiongeza homa upande wa pili ili tuone, na programu ikaipaka nyekundu palepale, yaani mkanganyiko, kitu kama hicho hakiwezi kuwepo. Na wagonjwa wanacho kila siku! Ilibidi tutenganishe neno analosema mtu na hali iliyopo mwilini, kazi ya wiki mbili nzima.

Na hili si geni. Kina Edward Feigenbaum, watafiti wa kompyuta pale chuo cha Stanford, Marekani, walianza na DENDRAL, programu ya kutambua muundo wa molekuli, mwaka 1965, miaka ya 70 ikaja MYCIN, programu ya maambukizi ya damu, kanuni kama 600 hivi, na kilichowatesa zaidi ni kuyatoa maarifa kwenye vichwa vya wataalamu, maana mtaalamu hajui kwamba anajua mpaka akutane na kosa lako. Sasa habari iliyotoka siku ile ya muuguzi ilikuwa picha tu, tumesimama mstari. Ile nyekundu hakuna aliyeiandika.

Mimi sina digrii. Naweza kuja?

Njoo. Tuma barua pepe kwanza, sema unafanya kazi gani na ni kitu gani kwenye kazi yako ambacho watu wa nje huwa wanakielewa vibaya. Hicho tu. Usiandike kurasa mbili za kujisifia.

Demo ikigoma mbele ya wageni mnafanyaje?

Itagoma. Kuwa na video uliyoirekodi jana yake na usiguse projekta.

Hizi modeli kubwa za lugha si zimeshawamaliza?

Kila mgeni siku hizi anauliza hili. Modeli, yaani hizo kompyuta zinazoongea, inaongea vizuri kuliko mfumo wetu wowote, sibishi, lakini inaweza kukutungia jibu huku imetulia kabisa. Grafu ya maarifa, yaani mtandao wa mambo yaliyounganishwa kama yale ya nyangumi, ni bahili, isichokuwa nacho haikupi, ila kila ilichonacho unaweza kukifuatilia kimetoka wapi. Ndo maana sasa wengi wanaziunganisha, modeli inasikiliza swali, jibu linatafutwa kwenye grafu. Na sisi tusijifanye, kuandika kila kitu kwa mkono kuna mwisho wake: Douglas Lenat alianza Cyc, mradi wa kuiandikia kompyuta ujuzi wa kawaida, mwaka 1984, watu wakaandika kwa miongo, na bado ujuzi wa kawaida wa mtoto haujaisha kuandikwa.

Nianzie wapi mwenyewe nyumbani?

Pakua Protégé, programu ya kutengenezea ontolojia, ni ya bure, imetoka Stanford. Halafu ingia Wikidata, hazina ya maarifa mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, ipo tangu 2012, tafuta Q7838 utakikuta Kiswahili chenyewe kimepewa namba, angalia kimeunganishwa na nini na kama kuna kosa rekebisha. Ukishazoea, jaribu kuandika ukoo wako. Utaona mambo, maana ontolojia nyingi za kuokota zina neno moja tu kwa mjomba na baba mdogo, itabidi uwatenganishe mwenyewe. Ukikwama niandikie, sisi kwenye binamu tulikaa siku mbili.