Nani aliuanzisha mji wetu? Majibu kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

*Shikamoo mzee. Shuleni tuliambiwa Tabora ililetwa na reli ya Mjerumani. Ni kweli? (Mwanafunzi, Isevya)*

Marahaba. Si kweli. Reli ilifika mwaka 1912 ikaukuta mji umeshazeeka. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, jina la zamani la Tabora, Novemba 1857, wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari na matembe yao hapo, katika nchi ya watemi wa Unyanyembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika papo hapo: moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Misafara ilitua, wapagazi wakatafutwa upya, chakula kikanunuliwa kwa wakulima wa Kinyamwezi. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliotekwa pia. Mjerumani aliupata mji kwa vita: Januari 1893 Mtemi Isike alijilipua kwa baruti bomani mwake kuliko kukamatwa.

*Urambo ni mji wa tumbaku au wa karanga? (Mkulima, Urambo)*

Ni wa Mtemi Mirambo kwanza, na nashangaa tunavyomsahau. Alipofariki mwaka 1884 alikuwa ameshajenga dola iliyowatoza ushuru wenye misafara na kupigana na Waarabu wa Tabora.

Karanga zilikuja baadaye sana. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikabuni mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947. Matrekta yalikwama kwenye visiki, mvua haikufuata ratiba ya ofisini London, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mashamba yaliyosafishwa Urambo yakaja kupata tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyoubakiza mji. Lakini kuikausha kunakula kuni, na miombo yetu inalipa gharama hiyo hadi leo.

*Mbona Kaliua imekua, na vituo vingine vya reli vimebaki vibanda? (Msafiri, Nguruka)*

Treni kusimama tu hakutoshi. Kaliua ni njia panda: baada ya Vita ya Pili ya Dunia tawi la reli lilijengwa kutoka hapo hadi Mpanda kufuata madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, njia panda ikabaki.

*Chumvi ya Uvinza ilianza lini? (Mama lishe, Kigoma mjini)*

Dada, zamani mno. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta dalili za utengenezaji wake zenye zaidi ya miaka 1,000. Watu walikuja kiangazi kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mito Ruchugi na Malagarasi, wakachemsha kwa kuni kwenye vyungu, kisha wakaondoka na mizigo ya kuuza mbali. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Uvinza ilikuwa na soko lake tayari.

*Ulyankulu je? (Kijana, Ulyankulu)*

Eneo lenyewe ni nchi ya Mirambo, ila makazi ya sasa yalitokana na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwenu wapi, jibu Ulyankulu bila kigugumizi.

*Nzega na Igunga ni kukavu. Watu walifuata nini? (Dereva wa lori, Nzega)*

Ng'ombe, pamba, na barabara unayoiendesha wewe mwenyewe. Nzega ni makutano ya barabara za Tabora, Shinyanga na Singida. Maji ndiyo yalikuwa shida ya miaka yote. Siku hizi yanaletwa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria. Wazee wa mtaani kwako watakuambia lambo lipi lilichimbwa kwanza, na nani walihamia kando yake.