Mfalme James alijiuzulu, alipinduliwa au aliuzuliwa?

SWALI: Mwalimu wa historia wa sekondari anaandika: "Nimesahihisha insha kuhusu Mfalme James wa Pili wa Uingereza, yule Mkatoliki aliyepoteza kiti mwaka 1688. Mwanafunzi mmoja anasema alijiuzulu, wa pili alipinduliwa, wa tatu aliuzuliwa. Je, maneno haya yana maana moja?"

JIBU: Ndugu mwalimu, hayana maana moja, na katika habari hii tofauti yake ni kubwa, kwa kuwa Waingereza wenyewe walibishana bungeni juu ya neno hilohilo.

Kitenzi "uzulu" kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Tukikitia kiambishi "-ji-", mtenda na mtendwa wanakuwa mtu mmoja: aliyejiuzulu amejivua cheo mwenyewe, kwa kauli yake au kwa maandishi yake. James hakutoa kauli ya namna hiyo. William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi ambaye alikuwa mpwa wake na pia mkwe wake, aliposhusha jeshi Torbay, kusini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 5 Novemba 1688, baadhi ya maofisa wa mfalme walihamia upande wa pili, naye mwezi uliofuata akatoroka London usiku na kuutupa Muhuri Mkuu wa dola katika mto Thames. Alikamatwa na wavuvi huko Kent, akarudishwa London, kisha kabla ya Krismasi akavuka kwenda Ufaransa. Mtu anayetupa muhuri mtoni ili mwingine asiutumie hajakiacha kiti, bado anakidai.

Hata hivyo, mwishoni mwa Januari 1689 Baraza la Makabwela, yaani wabunge wa kuchaguliwa, liliazimia kuwa mfalme ameacha utawala mwenyewe, yaani amejiuzulu, na kwamba kiti kiko wazi. Malodi, yaani makabaila wa baraza la pili la Bunge, walilikataa neno hilo, wakataka lile linalokaribia "kutelekeza" kwetu, na tofauti yake msomaji wa Kiswahili anaiona mara moja: mume aliyetelekeza nyumba hajatoa talaka. Mwishowe Malodi walikubali neno la Makabwela tarehe 6 Februari, na siku chache baadaye William na mkewe Mary, binti wa James, wakapewa taji.

"Alipinduliwa" ni sahihi. Mtumbwi ukipinduka, huenda ni upepo tu. Ukipinduliwa, yupo aliyeupindua, na hapa aliyepindua alikuja na jeshi. Tena "mapinduzi" hubeba mabadiliko ya mtawala na ya utaratibu pia, na yote mawili yalitokea, kwani sheria ya mwaka 1689 ilimzuia Mkatoliki yeyote kukalia kiti hicho. Ila mwanafunzi akitumia jina "Mapinduzi Matukufu", ambalo Waingereza wanalo, aongeze "ya Uingereza ya 1688", maana kwetu maneno hayo mawili yanamkumbusha msomaji Zanzibar na tarehe 12 Januari 1964.

Kuhusu "aliuzuliwa", usimkate alama mwanafunzi huyo kwa haraka. Scotland, iliyokuwa ufalme wa peke yake chini ya mfalme huyohuyo, haikusema kwamba ameacha kiti. Mkutano wake wa Aprili 1689 ulitamka wazi kuwa amepoteza haki ya taji kwa makosa yake, na tamko hilo kwa Kiswahili ni kuuzulu hasa. Yule wa kwanza ndiye wa kusahihishwa, na pembeni mwandikie kuwa "alijiuzulu" ilikuwa kauli ya Bunge, si ya mfalme.