Kabla ya Kununua Land Cruiser Kuukuu, Lala Chini Yake

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Kwa hiyo Land Cruiser 75 yenye injini ya 1HZ, ile ya miaka ya 1990 hadi 1999, huwezi kuiagiza kutoka Japani leo. Utaipata hapa hapa nchini, na itakuwa imeshafanya kazi zake: imebeba watalii Mara, imetumikia miradi ya visima Turkana, au imevuta mawe ya ujenzi Kitengela. Usihangaike sana na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Kwa gari la umri huo, uliza limekuwa likifanya kazi gani, kisha ukaangalie kama chuma kinasema vivyo hivyo.

Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza. Katika gari hili injini ndiyo ya kukutia hofu kidogo kuliko yote. 1HZ ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta, na mafundi wa Grogan na Industrial Area jijini Nairobi wanaijua ndani nje. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, au hununuliwa nyingine. Chasisi iliyooza haina dawa ya namna hiyo. Njoo na kipande cha katoni cha kulalia, tochi, bisibisi kuukuu na sumaku ndogo, uingie chini.

Gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na ncha ya bisibisi ikisukumwa inazama. Kaa zaidi pale springi za majani zinapofungiwa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, na pale boksi la stelingi lilipofungwa kwenye chasisi, maana hapo nyufa huanza kama unywele. Gari lililokaa Pwani likague mara mbili, kwa sababu chumvi hula chuma kutoka ndani ya chasisi na nje huoni kitu. Rangi nyeusi mpya huko chini ikwangue kidogo uone imefunika nini.

Gari la safari lina jambo lake. Mengi yalikatwa chasisi yakarefushwa ili kuongeza safu ya viti. Kazi nzuri ina bamba la kuimarisha pande zote, ncha zake zikiwa zimekatwa mshazari. Mchomeleo wa wima, bila bamba, hupasuka pembeni mwake kwa kuwa mkazo wote unakusanyika kwenye mstari mmoja. Ukiukuta huo, ondoka, hata kama bei inakubembeleza.

Sumaku ni ya bodi. Ipitishe kwenye fremu ya kioo cha mbele, mifereji ya paa na pembe za nyuma. Isiponata, chini ya rangi kuna fila, yaani plasta ya kuzibia bodi. Inua zulia pia, uone sakafu.

Sasa sogea mbele. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo, tufe la chuma kama chungu, ambacho ndani yake mna CV jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Uso wa lile tufe unatakiwa kuwa na utando mwembamba wa grisi, kama midomo iliyopakwa vaselini. Ukikuta uji mweusi umetiririka hadi ubavuni mwa tairi, sili ya ndani ya akseli, ile ya kuzuia oili, imekufa. Oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye akseli) imeingia kwenye kifundo na kuyeyusha grisi, kwa hiyo difu inapungukiwa oili huku jointi ikisagika bila grisi. Muuzaji atasema ni grisi tu hiyo. Ni grisi kweli, ila haikupaswa kutoka.

Chanzo mara nyingi kiko mbali na sili. Juu ya akseli kuna tundu dogo la pumzi. Likizibwa na matope, hewa ndani ya difu ikipata joto hutanuka na kusukuma oili ipite kwenye sili. Kisha gari likiingia ghafla kwenye maji baridi, mtoni au kwenye barabara iliyofurika msimu wa mvua za masika, ile hewa husinyaa na kuvuta maji ndani. Ndipo unapofungua difu na kukuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukibadilisha sili bila kuzibua pumzi, utairudia kazi yote. Zibua, kisha unganisha mpira wa kupanda hadi juu, ndani ya boneti. Ni mita mbili za mpira na klipu mbili, na sijaona pesa ndogo inayookoa pesa nyingi kuliko hiyo.

Piga jeki upande mmoja, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Ukibaki, ni beringi za kingpini, mhimili ambao kifundo hugeukia. Gari lenye kingpini zilizokufa huanza kutikisa stelingi vibaya likipita shimo kwa mwendo wa 60 au 80.

Kutengeneza vifundo vyote viwili unahitaji sili 2 za ndani ya akseli, sili 2 za habu (kitovu cha gurudumu), beringi 4 za gurudumu, beringi 4 za kingpini, seti 2 za mpira na kitambaa cha kufutia tufe, gasketi zake, na kilo 2 za grisi yenye molibdenamu. Nunua beringi pamoja na vikombe vyake, yaani pete zake za nje. Fundi anayeweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani anakuandalia kazi nyingine baada ya miezi michache. Kirinyaga Road utapata beringi za bei tatu tofauti ndani ya maboksi yanayofanana. Itoe kwenye boksi, usome jina na namba zilizochongwa kwenye chuma chenyewe, uizungushe kwa kidole, na uchague duka litakaloandika risiti na kukubali kubadilisha.

Siku ya kazi, mwaga oili ya difu kwanza, na kabla ya kufungua kizibo cha chini hakikisha cha kujazia kinafunguka. Kikigoma ukiwa umeshamwaga, gari halitoki hapo. Nati kubwa ya habu inataka soketi ya milimita 54. Fundi akija na patasi na nyundo, msimamishe, kwa maana vipande vya chuma huishia ndani ya beringi na nati haitakazika sawasawa tena. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Vile visahani vyembamba vya kingpini vitiwe alama, cha juu na cha chini, kushoto na kulia. Vikichanganywa, akseli haikai katikati ya sili na sili mpya inavuja. Osha kila kitu kwa dizeli na ukikaushe. Wakati wa kurudisha akseli ishikiliwe kwa mkono isiburure kwenye sili. Kifundo kijazwe grisi robo tatu, kisishindiliwe hadi juu.

Beringi za gurudumu hukazwa huku habu ikizungushwa, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena taratibu hadi mchezo uishe na gurudumu bado lizunguke kwa urahisi. Difu zote mbili zipate oili ya 80W-90 GL-5, lita 6 au 7 ukijumlisha, hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia.

Injini sasa. Fika asubuhi na uguse boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho. Injini baridi ndiyo husema ukweli kuhusu hita plagi na kompresheni. Moshi mweupe kidogo unaoisha upesi hauna neno. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi kidogo ukipanda Limuru ni wa kawaida kwa dizeli isiyo na tabo katika mwinuko huu. Ikinguruma, fungua kifuniko cha oili ukigeuze juu chini palepale juu ya tundu lake. Kikirushwarushwa, ringi za pistoni zimekwisha.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugonga pistoni. Ile taa ya T-BELT inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa joto, usiridhike na kuzunguka mtaa. Shuka Magadi, upande tena hadi Corner Baridi ukiwa na gia nzito, macho kwenye geji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kawaida huchemka hapa kwa nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo kifuniko cha radieta kinachoshika presha na kulanti halisi ni lazima. Maji ya bomba peke yake yatakula hedi (kichwa cha injini) polepole. Geji isipopanda kabisa baada ya dakika 15, kuna mtu aling'oa thamostati ili kuficha tatizo la joto. Hedi ya 1HZ iliyochemshwa hupasuka kati ya vali, na waliofunga tabo juu ya injini hii wanalijua hilo vizuri.

Foa, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne, ijaribiwe kwenye changarawe, kamwe si kwenye lami kavu, kwa kuwa gari hili halina difu ya katikati. Zungusha vifungio vya magurudumu ya mbele hadi LOCK kwa mkono. Vikikataa kugeuka, foa haijatumika kwa miaka.

Karatasi ni fupi. Tafuta rekodi ya gari kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kukiwa na jina la benki au sacco pembeni ya la mwenye gari, kuna mkopo. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, upande wa mbele kulia, na ya injini pia. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa ni mzigo utakaoubeba wewe. Usilipe pesa zote kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho.

Bakisha theluthi ya bajeti kwa matengenezo, uitumie kwa mpangilio huu: breki na vifundo, kisha mkanda na mfumo wa kupoza, kisha oili zote, kisha bushi na tairi. Springi ndefu, winchi na rangi vingoje. Na baada ya kilomita 500 za kwanza, simama mahali salama, uguse habu za mbele kwa kiganja. Zote mbili ziwe na uvuguvugu ulio sawa. Moja ikiwa ya kuchoma mkono, beringi ya upande huo imekazwa mno, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo.